Taa za remorki zimekufa? Angalia masi kwanza

Kama uko na remorki ndogo ya kubebea makala, mahindi, simenti ao viti vya harusi, kuna kazi moja ya kufanya jioni ya leo. Omba mtu asimame nyuma yake, hatua 30, na wewe uwashe taa. Akikuambia haone kitu, basi ujue kwamba na dereva wa kamyo anayekuja nyuma yako hataona kitu. Kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi kamyo za madini zinapita usiku na mchana, na wakati wa kiangazi vumbi inafunga macho. Kamyo yenye mzigo haisimame kwa hatua kumi. Remorki isiyo na taa ni ukuta katikati ya barabara.

Wengi wakiona taa hazitoke, wanakimbia sokoni kununua taa mpya. Pole pole kwanza. Mara nyingi sana taa ile ni nzima, na ugonjwa uko kwenye masi.

Masi ni njia ya umeme kurudi kwenye batri. Umeme unatoka kwa fili, unapita ndani ya ampuli, kisha unarudi kwa chuma cha remorki na fili ya masi mpaka kwenye motokari. Njia ya kurudi ikifungwa na kutu ao rangi, ampuli haiwake, hata ukinunua kumi. Na kuna dalili: ukikanyaga freni, taa ndogo zinafifia, ukionyesha kona ya kushoto, taa zote mbili zinacheza pamoja. Umeme umekosa njia yake, unapita kwa ampuli za wengine.

Kupima ni rahisi. Kamata fili moja ndefu, funga upande mmoja kwenye chuma safi cha motokari, na upande mwingine uguse chuma cha remorki uliokwaruza vizuri. Taa zikiwaka, umepona bila kununua taa. Kwaruza kutu kwa karatasi ya msasa mahali fili ya masi inapofungwa, kaza visi, pakaa grisi kidogo juu. Usitegemee mpira wa kukokotea upeleke masi. Uko na grisi na kutu, leo unapitisha, kesho unakataa.

Kama masi iko mzuri, fungua taa. Ndani utakuta ampuli ya freni yenye nyuzi mbili: ya wati 21 kwa freni na ya wati 5 kwa taa ndogo ya usiku. Vipini vyake haviko sawasawa, kimoja juu, kimoja chini, ili usiigeuze. Usiisukume kwa nguvu. Angalia pia volti: motokari ndogo ni 12, kamyo kubwa nyingi ni 24. Ampuli ya 12 kwa kamyo ya 24 inakufa palepale. Ya 24 kwa motokari ndogo inatoa mwanga wa mshumaa.

Kisha fuata fili. Sisi watu wa shaba tunajua rangi ya kijani inasema nini: pale fili ilipofungwa kwa kusokotwa tu, mvua imeingia na shaba imeoza. Kata mpaka ukute shaba yenye kung’aa, unga upya, funga na skoci vizuri. Kwa remorki za Ulaya zenye fishi ya njia 7, fili nyeupe ni masi, ya njano ni kona ya kushoto, ya kijani kona ya kuume, nyekundu ni freni, nyeusi na kahawia ni taa ndogo. Lakini remorki nyingi za kwetu zimepita kwa mikono ya mafundi watano. Tumaini ampuli ya kupimia, si rangi. Na fizibo ikikatika, usiweke msumari mahali pake: fili zitaungua.

Sasa, kama taa imepasuka kweli, nunua. Taa ya LED iliyofungwa kabisa inashinda kwa vumbi na maji, na inakula umeme kidogo. Lakini ikikufa, unabadilisha yote, na taa za kona zinaweza kucheza mbio mbio. Taa ya kawaida ni rahisi kutengeneza nyumbani. Usifunike kioo kilichovunjika na plastiki yoyote: mwanga mweupe nyuma unamdanganya dereva, anafikiri unakuja mbele yake.

Usisahau triangle mbili nyekundu za kurudisha mwanga. Mapatano ya Vienna ya 1968 yanazitaka kwa remorki, ncha juu, kila upande si chini ya sentimita 15. Hazitaki fili wala batri. Watoto wazipanguse vumbi kila asubuhi. Taa zikikufa njiani, simama mahali pa kulala. Kijana asiketi juu ya mizigo na tochi, kwa maana yeye ndiye atakayegongwa wa kwanza.

Na fishi, ukikata remorki, usiiache kwenye matope. Ifunge juu na mpira.