Nyani wa Mara na Presha za Ofisini

Nyani hana mkopo wa benki, hana ada ya shule, wala bosi anayempigia simu saa nne usiku. Katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya, saa chache tu kwa siku humtosha kutafuta chakula. Muda unaobaki ni mwingi, na sehemu yake kubwa huishia kuwasumbua nyani wenzake.

Hilo ndilo lililomvuta Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani aliyeanza kuwafuatilia nyani hao mwishoni mwa miaka ya 1970. Silaha yake ilikuwa mrija wa kupulizia vishale vya dawa ya usingizi. Dume akishalala, Sapolsky alimtoa damu haraka ili apime kotisoli, homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mwili unapohisi hatari.

Simba akitokea, homoni hiyo ni msaada. Sukari huongezeka kwenye damu, na kazi zinazoweza kungoja, kama kusaga chakula, husimama. Balaa ni pale hatari isipokwisha: presha hupanda, kinga hudhoofika, usingizi hupotea. (Vidonda vya tumbo, ambavyo watu wengi husema vimeletwa na mawazo, mara nyingi huletwa na bakteria.)

Madume wa ngazi ya chini walikuwa na kotisoli nyingi hata siku tulivu. Ila cheo hakikueleza yote. Aliyeweza kutofautisha hasimu anayemjia na hasimu anayesinzia kando alikuwa na nafuu. Kadhalika aliyekaa na majike na watoto wakichambuana manyoya. Nafuu aliipata pia aliyepigwa, kisha akamalizia hasira kwa mnyonge wake. Aliyekulia katika nyumba ambamo baba akirudi kazini kila mtu hunyamaza hahitaji maabara kulielewa hilo.

Miaka ya 1980, madume wakorofi wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Wakabaki madume wapole na majike wengi, na hata wanyonge hawakuonyesha tena dalili za msongo. Kufikia 1993 hakuna dume aliyebaki wa enzi hizo, maana madume huhama wakibalehe. Lakini wageni walioingia waliukuta upole na kuufuata. Sapolsky na Lisa Share walichapisha matokeo hayo mwaka 2004.

Binadamu nao wamepimwa. Utafiti wa watumishi wa serikali jijini London, ulioanza 1967, ulionyesha kuwa wanaume wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wakubwa wao. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Utafiti uliofuata, ulioongozwa na Michael Marmot kuanzia 1985, ulihusisha maradhi hayo na kukosa sauti juu ya kazi yako mwenyewe.

Kutembea, kulala vya kutosha na kuzungumza na rafiki husaidia kweli. Lakini meneja anayewaitia wafanyakazi semina ya kuvuta pumzi, huku akiwabadilishia zamu usiku wa kuamkia kazi, angeanza na ile ratiba.