Alizeti Haneti: Mvua izuiwe shambani kabla haijafika korongoni

MKULIMA wa alizeti wa Haneti, wilayani Chamwino, ana msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Ukimharibikia, hana wa kumfidia hadi mwaka unaofuata.

Hata hivyo, tatizo si uchache wa mvua peke yake. Mkoa wa Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Milimita 500 zikinyesha juu ya eka moja ni lita zipatazo milioni mbili, sawa na mapipa 10,000 ya lita 200. Lakini mvua hiyo huja kwa kishindo, juu ya udongo uliofanya ganda gumu, na maji mengi hukimbilia korongoni pamoja na udongo wenye rutuba. Kisha, mara nyingi mwezi Februari, jua huwaka mfululizo. Likiikuta alizeti katika vitumba na maua, mbegu nyingi hubaki mapepe.

Mashimo ya Chololo

Dawa mojawapo ilibuniwa mkoani humo humo, katika kijiji cha Chololo. Mkulima huchimba mashimo yenye upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, yakiachana sentimita 60 katika mstari na 90 kati ya mistari. Mistari hukinga mteremko. Ndani huwekwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabua, kisha udongo kidogo. Shimo halijazwi hadi juu, kwani nafasi inayobaki ndiyo inayotuamisha maji.

Gharama yake ni jasho. Kwa nafasi hizo, eka moja ina mashimo yapatayo 7,500. Anayechimba 100 kwa siku atatumia siku 75. Kwa hiyo ni vema kuanza na robo eka, ambayo ni kazi ya siku 19, na kuchimba kati ya Septemba na Novemba wakati shughuli ni chache. Mashimo hutumika misimu kadhaa yakikarabatiwa, hivyo gharama igawanywe kwa misimu hiyo, isibebeshwe mavuno ya mwaka mmoja.

Mwenye maksai anaweza kulima matuta ya kukinga mteremko, kisha akaziba mifereji kwa vituta vidogo kila baada ya mita chache.

Maji yasiibiwe

Magugu hunywa maji yale yale. Palizi ya kwanza isichelewe, na miche ipunguzwe mapema. Katika shimo la Chololo isizidi miwili.

Wakati wa mavuno, alizeti ya mashimo na ya shamba la kawaida zipimwe kwa mizani, kila moja peke yake, kwa maeneo yanayolingana. Tofauti ya kilo, ikizidishwa kwa bei ya soko, ndiyo itakayoonyesha kama jasho limelipa. Baada ya hapo mkulima ataamua kama aongeze eka za kulima, au aongeze mashimo katika eka alizonazo.