Kiatu cha Farasi na Utelezi

Ukwato mtupu hushika ardhi vizuri kuliko wengi wanavyodhani: ukingo wake huchimba udongo, na ile pembetatu inayonepa iliyo chini yake hukamata mahali pagumu. Kiatu cha chuma huzuia ukwato usilike, lakini kwenye lami na barafu huteleza. Hapo ndipo kazi ya mhunzi huanza.

Njia rahisi ni mfuo unaochimbwa upande wa chini wa kiatu, ambamo vichwa vya misumari huzama. Farasi akikanyaga, mfuo hujaa udongo, na udongo kwa udongo hushikana kuliko chuma kitupu.

Kwa barafu, visigino vya kiatu hukunjwa chini vikawa meno. Jeshi la Napoleon lilikiona cha moto lilipokuwa likirudi kutoka Moscow mwaka 1812 bila meno hayo: farasi walianguka, wakashindwa kuinuka, mizinga ikaachwa njiani. Caulaincourt, msimamizi wa mazizi ya Kaizari, alikuwa amewavisha farasi wake viatu vya barafu, nao wakaendelea kutembea.

Viatu vya farasi wa kuruka viunzi hutobolewa matundu yenye hesi, na njumu kama za viatu vya mpira wa miguu hukazwa humo kabla ya mashindano, kisha hufunguliwa mara yanapokwisha. Ardhi ngumu hutaka njumu fupi zenye ncha. Tope hutaka ndefu na nene. Farasi wa mikokoteni na wa polisi, wanaoshinda kwenye lami, huchomelewa chembe za kabaidi ya tangsteni, ngumu kuliko chuma chenyewe.

Lakini kushika kupita kiasi ni hatari. Ukwato unapotua huteleza kidogo, na utelezi huo hupunguza mshtuko. Ukizuiwa ghafla, nguvu yote huishia kwenye kano na viungo. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1996 ulihusisha ukingo uliochomoza kwenye ncha ya kiatu na majeraha ya miguu yaliyoua farasi wa mbio. Kanuni za kitaifa za usalama wa mbio zilizoanza kutumika Marekani mwaka 2022 zimeupiga marufuku kwenye miguu ya mbele, na ni haki.

Wapo pia farasi wanaotakiwa kuteleza. Katika mchezo wa reining, farasi husimama kutoka mbioni akiburuza miguu ya nyuma mita kadhaa. Miguu hiyo huvishwa viatu vipana na bapa, na vichwa vya misumari hupigwa tupa hadi vilingane na chuma.