Kontena Zimetosha, Sasa Tulete Wapiga Mbizi

Msee wa Butembo anaijua Mombasa hata ka hajawahi ikanyaga. Kontena za mtaa wetu zinashuka Kilindini, zinachapa Nairobi, Kampala, Kasese, zinavuka Mpondwe zinaingia Kasindi, kisha Beni, mpaka kwa maduka. Wazee wetu wameomoka na hiyo barabara. Bandugu, mimi nadai vijana waitumie kutafuta kitu ingine: ujuzi wa kupiga mbizi na mtungi mgongoni, pamoja na makaratasi yake.

Na siongelei kujibamba likizo. 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama Ziwa Kivu, karibu kabisa na Kituku, pale Goma. Makumi ya watu walikufa, na waliokuwa wamekuja kuwapokea wakiona kila kitu kutoka ufuoni. Hiyo kitu hainitoki kichwani, ndio maana nataka vijana wajue kuokoa.

Rada ni hii. Ukifika pwani, iwe Diani, Watamu, Nungwi ama Mafia, kadi ya kwanza ya PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, inaitwa Open Water. Unaogelea mita 200 bila kupumzika, unaelea dakika 10, kisha unapiga mbizi 4 kwa maji wazi mwalimu akikucheki. Inakufikisha mita 18. Inayofuata, mita 30. Halafu kuna ya uokoaji, na kwangu safari yenyewe inaanzia hapo, juu unaacha kujiangalia na unaanza kumsoma mwenzako: macho yamemtoka, pumzi inakimbia, huyu anaweza kuchanganyikiwa saa yoyote. Divemaster, ile unaweza lipwa nayo, inataka miaka 18, mbizi 40 ukianza na 60 ukimaliza. Mwalimu ni mbizi 100. Franga? Andaa mamia ya dola, ndio maana sitaki mtu akurupuke. Bisha mlango wa shule ya mbizi ukiulizia kazi: kujaza mitungi, kuosha vyombo, kusukuma boti.

Na daftari la mbizi lina uzito kuliko kadi. Andika kina, dakika, hewa iliyobaki, maji yalikuwa aje. Msee mwenye kadi tatu za maji safi ya Mnemba, Zanzibar, hajapatana na giza bado. Tafuta mbizi za usiku, za mkondo, za kusaka vitu vilivyozama. Ziwa Edward kule Kyavinyonge maji ni ya kijani, huoni mbali, na viboko wako kwao.

Sasa chonjo hapa, juu hii inatuhusu sisi wa milimani kuliko mtu yeyote wa pwani. Ukipita mita 300 juu ya bahari, hesabu za mbizi zinabadilika. Ziwa Edward liko zaidi ya mita 900, Kivu zaidi ya 1,400. Huko juu hewa inakubana kidogo kuliko pwani, kwa hivyo nitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini inataka kutoka kwa fujo, inageuka mapovu kwa damu. Maumivu ya viungo ndio afadhali, kuna wanaopooza. Kwa hivyo somo la mbizi za nyanda za juu kwetu ni lazima. Na usitoke majini Kyavinyonge ukadandia moto siku hiyo hiyo kupanda Butembo. Hata Mombasa, ukimaliza siku kadhaa za mbizi, ndege ingoje masaa 18, na basi ya usiku ya Nairobi nayo iache ipite, juu inakupandisha zaidi ya mita 1,600.

Kadi hizi zina mwisho wake pia. 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka feri ya Likoni na mama na mtoto wake ndani. Lilikuwa mita 58 chini, kwa mkondo na giza, na lilitolewa 11 Oktoba. Mbizi za kujiburudisha zinaishia mita 40. Kazi kama hiyo inahitaji mafunzo ya jeshi, ya zimamoto ama ya wapiga mbizi wa bandarini, na daftari lako ndilo linakufungulia huo mlango. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba 6 Novemba 2022, mvuvi kijana Majaliwa Jackson aliwahi kufika akasaidia kuokoa watu. Rais Samia akaagiza achukuliwe Zimamoto apate mafunzo. Nguvu na moyo alikuwa nazo tayari.

Beni na Butembo kuna wasee wa Msalaba Mwekundu, wale walizika watu wetu kwa heshima wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020. Anzia kwao, usome huduma ya kwanza. Halafu tafuta dimbwi la hoteli, piga mita 200 kila wiki mpaka zisikuchokeshe. Daktari akucheki maskio na mapafu, upate pasi ya kusafiria, ndio uulizie gari ya Kasindi.