Mchezo wa Vita na Mawe ya Masisi

Wahenga walinena: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ilizaliwa pwani, kwa watu waliozoea kuona majahazi yakiingia bandarini. Leo twaipandisha hata huku milimani Masisi na misituni Walikale, kwa maana yatufaa kupimia kitu kimoja ambacho vijana wetu, wakikipata, hawakiachi upesi: michezo ya vita ichezwayo juu ya kioo cha televisheni.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa likizo, nilikaribishwa nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja mjini Goma. Sebuleni nilikuta vijana watatu wa shule ya sekondari wameketi mkekani, macho yao hayabanduki kiooni. Mmoja alishika kidude cha kuongozea mchezo, na wenzake walikuwa wakimshangilia na kumkosoa. Mchezo wenyewe huitwa Halo 3. Nilitaka kupita tu, lakini nikasikia jina lililonisimamisha: Voi. Mtu aliyepata kusafiri kwa gari la moshi kutoka Mombasa kwenda Nairobi aujua mji huo. Basi nikaketi nami nitazame.

Vijana wale hawakuwa na neno moja. Mkubwa wao alifurahi sana, kwani kwa mara ya kwanza aliona hadithi ya vita vya nyota ikiletwa upande wetu wa dunia, badala ya New York au London. Wa pili alinung'unika. "Afrika gani hii, Mwalimu?" aliniuliza. "Hakuna soko, hakuna mama muuza ndizi, hakuna watoto njiani. Ni askari na majini tu." Wa tatu, ambaye jamaa zake walitoka upande wa Rubaya, katika Masisi, alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe alinyosha kidole kwenye kioo na kusema: "Lakini hao wanachimba nini?"

Swali hilo halikutoka moyoni mwangu tangu siku ile. Ndilo lililonifanya niandike maneno haya.

HADITHI YENYEWE

Halo ilitungwa na kampuni ya Kimarekani iitwayo Bungie. Kampuni ya Microsoft iliutoa mchezo wa kwanza tarehe 15 Novemba 2001, siku ileile ilipoanza kuuza kwao Marekani mashine yake ya kuchezea, Xbox. Mambo ya hadithi hutukia katika karne ya 26. Wanadamu wamekwisha kutawanyika katika nyota za mbali, na viumbe wa namna nyingi, waliofungamana katika dini moja ya uongo, wanawawinda ili wawaangamize. Mchezaji huwa askari mwenye deraya nzito. Huona kila kitu kwa macho ya askari huyo, na bunduki i mbele yake daima.

Katika sehemu ya pili, iliyotolewa tarehe 9 Novemba 2004, vita vyafika duniani kwetu, na mahali adui atuapo ni Mombasa. Watungaji waliuwaza mji huo kama utakavyokuwa mwaka 2552: majumba marefu kando ya bahari, na mnara wa ajabu unaopandisha mizigo mpaka juu ya anga. Mchezaji hupigana katika vichochoro vya mji wa kale, kisha huvuka daraja kwa kifaru. Sehemu ya tatu, ya tarehe 25 Septemba 2007, huanzia msituni karibu na Kilimanjaro, nayo hupita barabara ya Tsavo mpaka Voi. Tarehe 22 Septemba 2009 kikatoka kitabu kingine cha hadithi hiyohiyo, kiitwacho Halo 3: ODST. Hicho karibu chote hukaa Mombasa, na baadhi ya sura zake zina majina ambayo mwenyeji wa mji huo atayatambua mara moja, kama vile Kizingo na Kikowani.

SIFA NA LAWAMA

Wachezaji wa dunia waliipokea michezo hiyo kwa shauku. Ile ya mwaka 2004 iliuzwa zaidi ya nakala milioni 2 siku ya kwanza tu. Hata hivyo hawakuipa sifa peke yake. Wengi walilalamika kwamba walikuwa wametangaziwa vita kuu ya kuikomboa dunia, kumbe Mombasa yenyewe ilipita upesi, na sehemu kubwa ya mchezo ilikuwa mbali angani. Wengine walichukizwa kulazimishwa kutazama mambo kwa macho ya mmoja wa maadui, hali wengine waliona kwamba hilo ndilo jambo jema kuliko yote. Tena karibu wote waliuona mwisho wake kuwa umekatwa ghafula, kama msimuliaji aliyeondoka kabla hajamaliza hadithi.

Ile ya mwaka 2009 nayo iligawanya watu. Ndani yake askari mgeni aamka usiku katika mji ulioachwa na watu wake, atembea peke yake mvuani, na kutafuta alama za wenzake waliopotea. Wapo waliosema kwamba hawakupata kusikia muziki wa huzuni nzuri kama ule wa Martin O'Donnell na mwenzake Michael Salvatori. Njiani mchezaji aweza kuokota vipande 30 vya sauti vilivyohifadhiwa, navyo humsimulia habari za binti mmoja wa mji huo aliyemtafuta baba yake wakati wa maafa. Wapo waliosema hicho ndicho kilichowagusa kuliko mizinga yote. Lakini wapo pia waliosema kwamba mchezo ni mfupi mno, kwamba hapo mwanzo ulikusudiwa kuwa nyongeza tu, na kwamba haikuwa haki kuuuza dola 60 kama mchezo kamili.

Ndivyo walivyoupima: urefu, mwisho, muziki, bei. Si vibaya, kwa maana mnunuzi ana haki ya kukipima alichokinunua. Lakini kijana wa Rubaya alikuwa na kipimo kingine.

HAO WANACHIMBA NINI?

Katika hadithi, adui haji Kenya kwa ajili ya watu wake. Aja kwa ajili ya kilichomo chini ya udongo. Baina ya Voi na Mombasa apasua nchi, achimba shimo kubwa lisilo mfano, mpaka kitu cha kale chafunuliwa, chenye nguvu ya kufungua njia ya kwenda mbali kupita nyota. Wenyeji wako wapi? Hatuwaoni sana. Shimo twaliona vizuri.

Mtoto wa Masisi hakuhitaji kuelezwa jambo hilo. Rubaya ni mji wa wachimbaji. Huko vilima vimechimbuliwa kwa majembe na mitalimbo, udongo ukaoshwa kwa maji ya kijito, na mchanga mweusi mzito, ambao hauendi na maji, ukabaki chini. Huo ndio koltani. Ndani ya koltani mna madini yaitwayo tantali, nayo hutengenezewa vijidude vidogo kama punje ya mchele, vinavyotunza umeme na kuutoa kwa kipimo, kama mtungi utunzavyo maji ya nyumba. Simu huvitumia, kompyuta huvitumia, na mashine za kuchezea zimevitumia pia. Inakadiriwa kwamba vilima vya Rubaya hutoa kama sehemu 15 katika kila 100 za tantali yote ya dunia.

Walikale nayo ina sehemu yake. Mwaka 2002 kasiterite, yaani jiwe la bati, iligunduliwa Bisie, ndani kabisa ya msitu. Bati huyeyuka upesi, kwa joto la nyuzi 232 tu, na kwa hiyo hutumika kuunganishia vijidude vyote vya mashine juu ya kibao chake. Kwa miaka mingi vijana walilibeba jiwe hilo mgongoni, kilo 50 kwa mzigo, kwa njia ya matope ya msituni mpaka barabarani. Ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara yenyewe, huko Kilambo, kuja kuuchukua mzigo. Na njiani wenye bunduki walisimama, leo hawa, kesho wale, kila mmoja akidai fungu lake.

Twende kwa haki. Vita vya Kivu havikuanzishwa na michezo ya watoto. Mwezi Machi 1993, kabla hata mashine hizi hazijatajwa kwetu, damu ilimwagika Ntoto katika Walikale, ikaenea mpaka Masisi, kwa sababu ya ugomvi wa ardhi, wa ukabila na wa utawala. Lakini mnamo mwaka 2000 viwanda vya simu na kompyuta viliihitaji tantali kwa pupa, na bei yake ikapanda mara nyingi kuliko ilivyokuwa. Mwaka huohuo kampuni ya Sony ilikuwa imetoa mashine yake ya PlayStation 2, na baadhi ya watu wa Ulaya wakaviita vita vyetu kwa jina la mashine hiyo. Jina hilo halikueleza ukweli wote, ila halikuwa tupu. Wakulima waliacha mashamba, wanafunzi waliacha madarasa, wote wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mashimo yakabaki.

Ni kweli kwamba hakuna awezaye kushika mashine moja na kusema, "Punje hii ilitoka Rubaya, hii ilitoka nchi nyingine." Mawe huchanganywa njiani, husagwa na kuyeyushwa viwandani mbali, na jina la kilima hupotea. Mwezi Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyadai makampuni yaseme kama madini yao yatoka Kongo au kwa majirani zake. Baadaye magunia yakaanza kufungwa lakiri yenye namba. Makampuni makubwa yakaogopa na kuliamsha jambo hilo katika vikao vyao, nalo ni jema. Lakini lakiri haina macho: mara nyingi imeonekana juu ya gunia lililotoka kwingine.

Mwishoni mwa Aprili 2024 wapiganaji wa M23 waliiteka Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza mwaka huohuo kwamba kodi walizotoza huko zilifika kama dola 800,000 kwa mwezi. Mwezi Machi 2025 walifika hata mji wa Walikale. Mgodi wa Bisie, ambao tangu mwaka 2019 ulikuwa ukiendeshwa kwa mitambo na kampuni ya Alphamin, ulisimamisha kazi, nao ukarudia mwezi Aprili baada ya wapiganaji kuondoka mjini. Wakati huo wote familia zilikuwa njiani, magodoro vichwani, watoto wakishikwa mkono.

WAZAZI WAFANYEJE?

Wazazi wengi huniuliza: Mwalimu, je, tuipige marufuku michezo hii? Mwaka 2007 Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari, aliionya michezo ya video inayotukuza ukatili kwa jina la burudani. Hata watengenezaji wenyewe wa Halo 2 na Halo 3 waliandikiwa juu ya kasha kwamba mchezo wafaa watu wa miaka 17 na zaidi. Basi mtoto wa miaka 9 hana kazi nao, nasi tusione haya kumwambia hivyo. Tena yule aliyesikia bunduki ya kweli usiku, akakimbizwa gizani na mama yake, asilazimishwe kucheka mbele ya bunduki ya mchezo, hata kama rafiki zake wanacheka.

Kwa kijana mkubwa mambo ni mengine. Yule mwenyeji wetu wa Goma hakuzima mashine. Alimngojea kijana wa tatu amalize kusema, kisha akamwuliza swali lake mwenyewe: "Wewe wadhani wanachimba nini?" Kijana akaeleza. Alieleza habari za mjomba wake na shimo, za udongo uliolainika kwa mvua na kuporomoka, za gunia na wanunuzi wake. Wenzake, ambao walizaliwa Goma na kuyaona magunia yale yakipita tu juu ya malori, walisikiliza kwa muda mrefu kuliko walivyocheza. Kisha mkubwa wao akaigeuza Xbox chini juu, akaitazama kana kwamba hajapata kuiona.

Tarehe 31 Januari 2023, huko Kinshasa, Papa Fransisko aliwaambia wakubwa wa dunia kwamba Afrika si mgodi wa kukwapuliwa. Maneno hayo yalikwenda mbali, nayo yalistahili. Lakini yanahitaji pia masikio ya karibu: ya mwanafunzi ashikaye simu, ya mfanyabiashara auzaye mashine, ya kijana aupimaye mchezo na kusema ni mzuri au ni mbaya. Na aseme. Auone muziki kuwa mtamu, mwisho kuwa mfupi, bei kuwa kali. Ila akikisha kuutazama mji wa Mombasa ukiungua kiooni, akumbuke kwamba kiberiti chenyewe kilichimbwa mahali fulani, na kwamba mahali hapo pana majina, nasi twayajua: Rubaya, Bisie.

Vyaelea, kwa kuwa vimeundwa. Na vimeundwa kwa mikono ya watu, ambao baadhi yao ni jirani zetu.