Juma la Mvua Si Juma la Hasara: Jibini na Sweta Katika Nyumba za Meru na Embu

Wakulima wa Meru na Embu waijua vema mvua yao. Huja mara mbili kwa mwaka: kwanza kuanzia Machi hadi Mei, tena kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mlima Kenya, wenye kilele cha meta 5,199, huupandisha juu upepo wenye unyevu utokao upande wa bahari; kwa sababu hiyo miteremko ya mashariki na ya kusini-mashariki hupata mvua nyingi kuliko nchi ya chini ya Mbeere na Tharaka. Mvua hiyo ndiyo mama wa majani ya chai, wa kahawa, na wa matete wanayolishwa ng'ombe zizini.

Lakini mvua iletayo neema huleta na taabu. Udongo mwekundu wa miteremko ukilowa huwa utelezi mtupu. Lori hukwama, na kijana wa pikipiki achukuaye mitungi ya maziwa hawezi kupanda kilima. Mvua kubwa za mwaka 1997 ziliharibu barabara na madaraja sehemu nyingi za Kenya, na mvua za mwaka 2023 na 2024 zilifanya vivyo hivyo. Hata katika mwaka wa kawaida, halikosi juma moja au mawili ambapo mtu hukaa nyumbani kwa lazima. Katika juma kama hilo ng'ombe hukamwa kama siku zote, na maziwa hayangoji barabara ikauke.

MAZIWA YA ASUBUHI NA MAZIWA YA JIONI

Zamani ng'ombe wa gredi walikuwa wengi katika mashamba ya walowezi, na Mwafrika aliyekuwa naye alikuwa mmoja mmoja. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima wengi mlango wa kufuga ng'ombe hao na kupanda mazao ya biashara. Baada ya uhuru vyama vya ushirika vilikua, na chama kikuu cha wakulima wa Meru kiliandikishwa mwaka 1967. Siku hizi mitambo ya kupoza maziwa imewekwa katika vituo vingi, lakini mtambo haumfai mtu ambaye mtungi wake haukufika kituoni.

Katika nyumba nyingi za wafugaji kuna desturi isiyoandikwa popote. Maziwa ya asubuhi hupelekwa chamani, na malipo yake huingia katika hesabu ya mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mume. Maziwa ya jioni hubaki nyumbani: ya chai, ya watoto, na ya kumuuzia jirani. Fedha hizo kidogo za jioni ndizo mke anunuliazo chumvi, sabuni na kalamu za watoto bila kuomba kwa mtu. Basi barabara ikifungwa, hasara ya asubuhi huonekana katika karatasi ya chama mwisho wa mwezi, lakini hasara ya jioni humwangukia mama wa nyumba peke yake, wala haionekani katika hesabu yoyote.

Dawa ya kwanza ya wazee wetu ni maziwa ya mgando, nayo ni dawa njema. Lakini mgando una mpaka wake: watu wa nyumba moja hawawezi kunywa lita kumi kila siku. Hapo ndipo jibini iingiapo.

KUTENGENEZA JIBINI NYUMBANI

Watu wengi hudhani kwamba jibini ni chakula cha hoteli, kitokacho katika viwanda vyenye mashine za gharama. Ziko jibini za namna hiyo, ambazo huhitaji dawa maalumu ya kugandisha na miezi mingi ya kuzihifadhi. Lakini jibini laini, iliwayo ingali mpya, haihitaji ila sufuria, moto, malimau, chumvi na kitambaa safi.

Maziwa mazima ya lita 4, yaliyokamwa siku ile ile, huchujwa na kutiwa katika sufuria safi. Huwashwa kwa moto wa wastani huku yakikorogwa yasishike chini, mpaka yaanze kupanda. Sehemu hii isipuuzwe. Maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya bruselosi, ugonjwa utokao kwa wanyama na kumpa mtu homa za kurudi-rudi na maumivu ya viungo kwa muda mrefu. Moto ndio unaoviua. Tena maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa yasitumiwe mpaka siku alizotaja daktari wa mifugo zimekwisha.

Sufuria ikiisha kuepuliwa, hutiwa maji ya limau yaliyochujwa, kiasi cha nusu kikombe, kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Baada ya dakika chache maziwa hukatika: mabonge meupe huelea, na maji ya rangi ya kijani hafifu hujitenga. Ikiwa maji yangali meupe, limau halijatosha; huongezwa kijiko kimoja kimoja. Kisha sufuria huachwa itulie kwa dakika kumi.

Kitambaa cheupe cha pamba, kilichochemshwa kwanza, hutandikwa juu ya chujio, na mabonge yale humiminwa humo. Hutiwa chumvi kijiko kimoja cha chai au zaidi kidogo, kitambaa hufungwa, na fundo hutundikwa lidondoke. Apendaye jibini ngumu hulikandamiza kwa sahani na jiwe safi kwa muda wa saa mbili au tatu. Lita 4 hutoa jibini ya kiasi cha nusu kilo, na pengine zaidi kidogo maziwa yakiwa na mafuta mengi.

Jibini hii haiyeyuki kwa moto. Kwa hiyo hukatwa vipande ikakaangwa na vitunguu na nyanya, au ikachanganywa na sukuma wiki. Mtoto asiyependa maziwa huila kwa hamu. Katika baridi ya mlimani hukaa siku mbili au tatu mahali pasipo joto, ikifunikwa. Isiwekwe zaidi ya hapo kama hakuna friji. Yale maji yaliyobaki yasimwagwe: yafaa kupikia uji, na nguruwe huyapenda sana.

Wenye mbuzi wa maziwa nao wasijione wamesahauliwa. Tangu mradi wa mbuzi wa Toggenburg ulipoanza Meru mwaka 1996, nyumba nyingi zenye shamba dogo hukama mbuzi, na maziwa yao hutoa jibini njema kwa njia iyo hiyo.

SINDANO MBILI NA UZI

Jibini ikiwa inadondoka na mvua ingali inanyesha, mikono haina sababu ya kukaa bure. Wanawake wa nchi hii ni wafumaji tangu zamani. Asukaye kiondo hahitaji kufundishwa subira wala kuhesabu. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kufuma sweta pamoja na kushona na upishi, na wako mabibi wengi waliopokea ufundi huo kwa mama zao. Wasichana wasio na fedha za sindano walijifunza kwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwa jiwe.

Aanzaye asianze na sweta. Aanze na skafu, kisha kofia ya mtoto mchanga. Akifika kwenye sweta, afume kwanza kipande kidogo na kuhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimeta 10. Ikiwa ni vitanzi 20, na upana wa mbele wa sweta ni sentimeta 36, basi ataanza na vitanzi 72. Hesabu hiyo fupi humwokoa mtu na kazi ya kufumua siku nne baadaye. Sweta ya mtoto ifumwe pana na ndefu kuliko kipimo chake, maana mtoto hukua, na uzi haukui. Sweta kuukuu nayo isitupwe: uzi wake ukifumuliwa, ukaoshwa na kukaushwa umenyooshwa, hufaa kufumiwa tena.

Juma la mvua la mwezi wa Aprili huwakuta watoto wamefunga shule, nao wavulana kwa wasichana waweza kufundishwa. Baada ya mvua hizo huja Julai na baridi yake ya ukungu, na hapo sweta iliyofumwa Aprili ndiyo humtenga mtoto na kikohozi cha kutembea asubuhi bila nguo nzito.

Ni kweli kwamba mafundi wa mjini Embu na Meru wana mashine za kufumia, na mitumba huuzwa kwa bei rahisi katika kila soko. Mfumaji wa mkono hawezi kushindana nao kwa wingi. Nguvu yake iko katika vile wasivyofanya vema: soksi na kofia za watoto wachanga, sweta ya kipimo cha mtu mmoja, na kutengeneza kiwiko kilichotoboka. Atakaye kufuma sweta ya shule na aulize kwanza shuleni rangi na namna inayokubaliwa, asije akapoteza uzi.

FEDHA NI YA NANI?

Jambo moja limebaki, nalo ni la waume. Mke akiuza jibini kwa jirani au kofia kwa mzazi mpya, mara nyingine mume huona kwamba mfuko wa nyumba umejaa, naye hupunguza fedha alizokuwa akitoa. Tendo hilo huua kazi njema kuliko mvua yoyote. Mwenye busara huacha fedha hiyo mikononi mwa aliyeitafuta, naye hununua sufuria ya pili, au mzigo wa uzi kabla bei haijapanda. Nyumba ambamo kila mmoja ana hesabu yake na wote wana shauri moja haitikiswi na juma moja la barabara mbaya.