Uvimbe Mgumu Nyuma ya Goti

Uvimbe ukiuma watu hukimbilia zahanati. Usipouma husema, "Hauna neno." Leo tuutazame uvimbe mmoja usiouma, lakini una neno.

Ipo kansa inayoota juu ya mfupa, upande wa nje, kama uyoga juu ya gogo. Ni adimu. Mara nyingi huota kwenye mfupa wa paja, kwa nyuma, juu kidogo ya goti. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu za kulima. Uvimbe wake ni mgumu kama mfupa wenyewe, wala hausogei.

Hukua polepole, pengine kwa miaka. Goti huanza kukataa kukunjika. Mtu hushindwa kuchuchumaa chooni, au kupiga goti kumsalimu mkwe. Huku kwetu Mufindi na Rungwe baridi husingiziwa mengi. Basi mgonjwa hukandwa, huchanjwa chale. Chale hazifiki kwenye mfupa.

Kansa hii ikiachwa huingia ndani ya mfupa. Baadaye yaweza kugeuka kali, ikakua upesi na kufika mapafuni.

Ikigunduliwa mapema, daktari wa mifupa huikata yote, na mara nyingi mguu hubaki. Wengi hupona. Ikikatwa nusunusu huota tena.

Kwa macho tu haijulikani. Lazima mguu upigwe picha ya eksirei, na kipande kidogo cha uvimbe kipimwe. Omba barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Iringa au Mbeya. Wao waweza kukupeleka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mweleze daktari uvimbe ulianza lini, na tangu lini goti halikunjiki.